Asilimia Saba Iliyopotea: Kisa cha Jiwe la Fedha la Freiberg

Chukua kalamu, tufanye hesabu ndogo kabla ya kuanza. Una jiwe. Umelisaga, umeliyeyusha, umepima kila ulichokiona ndani yake. Fedha, asilimia 74.72. Salfa, asilimia 17.13. Oksaidi ya chuma, 0.66. Oksaidi ya zinki, 0.22. Zebaki, 0.31. Haya, jumlisha.

Umepata 93.04, si ndiyo? Sasa swali: asilimia 7 iliyobaki iko wapi?

Mtu yeyote aliyepita maabara anayo majibu ya haraka. Labda kitu kilimwagika wakati wa kuchuja. Labda mizani. Labda unyevu. Hayo ni majibu mazuri ukipata 93 mara moja. Ukirudia kazi na kupata 93, ukarudia tena na kupata 93, unaanza kukosa usingizi, maana makosa ya bahati mbaya huwa hayaji na namba ileile kila siku. Aliyekosa usingizi huo ni Clemens Winkler, profesa wa kemia katika chuo cha madini cha Freiberg, Saksonia, huko Ujerumani. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1885 kuingia 1886. Na jiwe lile ndilo mhusika wetu mkuu leo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Sonara akichanganya fedha na shaba ili bangili iwe ngumu, anapata aloi. Fedha imebaki metali, shaba imebaki metali, na sonara anaweza kuongeza hii au kupunguza ile apendavyo. Kampaundi ni habari nyingine kabisa. Ndani ya kampaundi fedha imeshatoa elektroni yake, imekuwa ioni, haing'ai tena, na idadi ya kila mshirika imepangwa kwa hesabu isiyopinda. Kuna kampaundi ambamo fedha inakaa na metali nyingine, na katikati yao kuna salfa au iodini ya kuwashikanisha wote. Hizo ndizo tunazozungumzia. Ni kundi ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno, na nadhani tunapoteza kitu kikubwa kwa kufanya hivyo.

Turudi Freiberg. Mji huu umekaa chini ya milima ambayo Wajerumani wanaiita Erzgebirge, yaani milima ya mbale, na fedha ilianza kuchimbwa hapo karne ya 12. Kufikia 1885 fedha ile ilikuwa kwenye siku za jioni. Ujerumani ilikuwa imeshahamia sarafu ya dhahabu, bei ya fedha ilikuwa inashuka, na mwaka 1913 migodi ilikuja kufungwa. Lakini kwa miaka mingi mji mzima ulikuwa umefundishwa kutazama mawe kwa makini. Chuo chake kilianzishwa mwaka 1765, na mkuu wa chuo hicho siku za Winkler, Theodor Richter, alikuwa mmoja wa wagunduzi wawili wa elementi ya indiamu, waliyoipata hapohapo Freiberg mwaka 1863 ndani ya mbale ya zinki. Kwa hiyo hapo kupata elementi mpya kwenye jiwe la jirani halikuwa jambo la ndotoni. Lilikuwa limeshatokea.

Mwaka 1885, kwenye mgodi wa fedha uitwao Himmelsfürst, wachimbaji walikuta madini ambayo hakuna aliyeyatambua. Albin Weisbach, profesa wa elimu ya madini, aliyaangalia akaona ni aina mpya. Akayapa jina la argirodaiti, kutoka Kigiriki, kwa maana ya chenye fedha nyingi. Richter akayajaribu kwa mrija wa kupulizia moto, kipimo cha haraka cha wachimbaji wa zamani, akaona fedha, salfa na dalili ya zebaki. Basi Weisbach akamkabidhi Winkler jiwe ili apime kiasi cha kila kitu. Kazi ya kawaida tu, ya kujaza fomu.

Winkler hakuwa mgeni wa kazi hizo. Baba yake alikuwa mkemia, na yeye mwenyewe, kabla ya kuwa profesa, alifanya kazi kwenye viwanda vya kutengeneza rangi ya buluu ya kobalti. Yaani alikuwa fundi kwanza, mwalimu baadaye. Huyu ni mtu ambaye mizani yake ilikuwa inaendesha kiwanda. Ukimwambia amekosea kwa asilimia 7 ni sawa na kumwambia mshonaji kanzu kwamba amesahau mkono mmoja.

Jambo lililomchanganya ni kwamba kitu kilichopotea hakikuonekana kwenye njia yoyote ya kawaida. Uchambuzi wa madini enzi hizo ulikwenda kwa makundi: unayeyusha jiwe, unaongeza kitu fulani, kundi moja la elementi linashuka chini kama mashapo, unachuja, unaongeza kitu kingine, kundi la pili linashuka, unachuja tena. Mwisho kila elementi imekamatwa kwenye karatasi yake. Winkler alipita njia zote, na karatasi hazikumpa mgeni yeyote.

Dalili zilikuwa zinaelekeza kwamba mgeni huyo, kama yupo, ana tabia za antimoni na aseniki. Ubaya ni kwamba kwenye mishipa ileile ya mgodi kulikuwa na madini mengine yenye antimoni na aseniki kweli, na hizo ndizo zilizojitokeza kila alipotafuta. Ni kama kumtafuta mtu sokoni huku ndugu zake wawili wanaofanana naye wanakupungia mkono kila kona.

Tarehe 6 Februari 1886 alimkamata. Njia yake inafaa kuelezwa polepole, kwa sababu ndiyo iliyotenganisha bahati na ufundi. Aliunguza unga wa jiwe pamoja na magadi na salfa, akauyeyusha kwenye maji, akachuja. Kwenye maji yale aliongeza asidi kidogo tu. Salfaidi za antimoni na aseniki zikashuka na salfa iliyobaki, akazitoa. Kwa mkemia wa kawaida kazi ingeishia hapo, na maji yaliyobaki yangemwagwa. Winkler akayamiminia asidi ya haidrokloriki kwa wingi, kupita kiasi cha kawaida, na hapo yakatokea mashapo meupe mazito. Mgeni alikuwa anajificha ndani ya maji muda wote huo, kwa kuwa salfaidi yake haishuki mpaka asidi iwe kali sana. Asilimia 7 ilikuwa inapita kwenye karatasi ya kuchujia na kwenda zake, kila mara, kwa utaratibu uleule. Ndiyo maana namba ilikuwa inarudi ileile.

Akayapasha moto mashapo yale kwenye mkondo wa gesi ya haidrojeni, akabaki na unga wa kijivu. Elementi mpya.

Hapa ndipo vitabu vingi vinapoanzia kisa, na vinakianzia kwa Mendeleev. Nadhani unaijua sehemu hii: mwaka 1871 Dmitri Mendeleev wa Urusi aliacha nafasi wazi kwenye jedwali lake la elementi, akasema zitajazwa, na akaeleza tabia za elementi tatu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Alizipa majina ya muda kwa kutumia neno eka, la Kisanskriti, maana yake moja: nafasi moja baada ya alumini, moja baada ya boroni, moja baada ya silikoni. Ya kwanza ikapatikana mwaka 1875 Ufaransa, ndiyo galiamu. Ya pili mwaka 1879 Sweden, ndiyo skandiamu. Imebaki ya tatu, eka-silikoni. Halafu Winkler anaipata. Hadithi safi kabisa.

Kumbe haikuwa safi hivyo. Winkler hakujua amepata nini. Kwa kuwa mgeni alifanana na antimoni, alidhani amejaza nafasi iliyo wazi kati ya antimoni na bismathi. Mendeleev mwenyewe, mwenye jedwali, aliposikia habari za mwanzo alidhani ni elementi nyingine tena, ya upande wa kadmiamu. Wa kusema kwamba hii ni eka-silikoni alikuwa mkemia wa Breslau, Victor von Richter (si yule Richter wa Freiberg), na Lothar Meyer naye akaona hivyohivyo. Naipenda sehemu hii ya kisa kuliko nyingine zote. Mtu alitabiri, utabiri ukatimia, na bado hakuutambua ulipomjia mlangoni. Kilichomaliza ubishi kilikuwa tena mizani.

Tazama namba zenyewe. Mendeleev alikuwa ameandika mwaka 1871 kwamba uzito wa atomu ya eka-silikoni utakuwa 72. Winkler alipima 72.32. Densiti ya metali: 5.5 kwa Mendeleev, 5.47 kwa Winkler. Densiti ya oksaidi yake: 4.7 kwa utabiri, 4.703 kwa kipimo. Kloraidi yake itakuwa kiowevu chenye densiti 1.9 na kitachemka chini kidogo ya nyuzi 100, alisema Mendeleev. Winkler akapata 1.887 na nyuzi 86. Miaka 15 inapita kati ya safu hizi mbili za namba, na mtu wa safu ya kwanza hakuwa na hata chembe moja mkononi. Kulikuwa bado na wakemia walioliona jedwali kama mchezo wa kupanga karata. Baada ya 1886 kulikataa kulihitaji ujasiri wa aina ya pekee.

Jina nalo lilileta kelele. Winkler alitaka kuiita neptuniamu, kwa sababu sayari ya Neptune nayo ilitabiriwa kwa hesabu kabla ya kuonekana mwaka 1846. Jina likawa limeshachukuliwa na elementi nyingine, ambayo baadaye ilionekana haipo. Basi akachagua germaniamu, kutokana na jina la nchi yake. Mfaransa mmoja akalalamika kwamba jina linanuka utaifa, ingawa galiamu ya Wafaransa ilikuwa imeshapewa jina la Gallia, Ufaransa ya kale. Mendeleev akamwambia Winkler asibadilishe.

Sasa tulifungue jiwe lenyewe, maana tumemfuata mgeni tukasahau wenyeji. Fomula ya argirodaiti ni Ag8GeS6. Winkler na Weisbach hawakuipata sawasawa. Aliyeirekebisha ni Samuel Penfield wa Yale, Marekani, mwaka 1893, alipopima jiwe la kutoka Bolivia. Alidhani ni madini mapya, akayapa jina la kanfildaiti, halafu akagundua ni argirodaiti ileile. Jina halikupotea: mwaka uliofuata alikuta jiwe lingine la Bolivia ambamo nafasi ya germaniamu imechukuliwa na bati, Ag8SnS6, akalihamishia jina huko. Fedha na germaniamu, fedha na bati: nyumba ileile, mpangaji mmoja amebadilika. Kumbuka picha hiyo ya nyumba na wapangaji, tutaihitaji.

Ukitaka kuhakikisha fomula, tumia kalamu yako. Atomu 8 za fedha zina uzito wa 107.87 kila moja, atomu 1 ya germaniamu ni 72.63, atomu 6 za salfa ni 32.06 kila moja. Jumla ni karibu 1,128. Gawa 72.63 kwa hiyo: asilimia 6.4. Winkler alipoipima germaniamu kwenye jiwe lake alipata 6.93. Jumlisha na ile 93.04 ya mwanzo uone inafika ngapi. Halafu hesabu chaji: fedha 8 zinatoa chanya 8, germaniamu inatoa chanya 4, jumla 12. Salfa 6, kila moja hasi 2, jumla 12. Hesabu imefungwa.

Germaniamu ilikwenda zake na kufanya makubwa. Transista ya kwanza, iliyotengenezwa na John Bardeen na Walter Brattain kwenye maabara za Bell huko Marekani Desemba 1947, ilikuwa ya germaniamu. Zile redio ndogo za mkononi zilizofuata, ambazo babu zetu walizivalisha vifuko vya ngozi, zilianza na germaniamu kabla silikoni haijachukua kazi. Leo oksaidi yake huwekwa kwenye kiini cha nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano, za aina ya mkongo wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Wala haichimbwi Freiberg tena. Msomaji wa Lubumbashi anajua Kipushi, mgodi ulio kilomita 30 hivi kutoka mjini kwake. Mbale ya Kipushi ina germaniamu ndani ya madini ya shaba na zinki yaitwayo renieraiti, yaliyotambuliwa hapohapo Katanga miaka ya 1940. Tangu China ilipoweka masharti ya kuuza germaniamu nje mwaka 2023, viwanda vya dunia vimekumbuka ghafla njia ya kwenda Katanga. Hilo lina kisa chake cha kujitegemea.

Lakini vipi kuhusu fedha? Robo tatu ya jiwe ni fedha, na mpaka hapa imekaa kimya kama baba mwenye nyumba. Kwa miaka karibu mia moja baada ya Winkler argirodaiti ilibaki kumbukumbu ya makumbusho: jiwe lililotupa germaniamu, ahsante, kwaheri. Siri yake ya pili ilikuwa kwenye hizo fedha 8, na ili kuifikia lazima turudi nyuma kidogo, London, mwaka 1833.

Mwaka huo Michael Faraday alikuwa anapitisha umeme kwenye salfaidi ya fedha, Ag2S. Metali ukiipasha moto inapitisha umeme kwa shida zaidi. Salfaidi ya fedha ilifanya kinyume: alipoiweka juu ya taa na kuipasha moto ilianza kupitisha umeme vizuri, alipoiacha ipoe ikarudi ilivyokuwa. Faraday aliandika alichokiona na kusonga mbele. Leo tunajua alikuwa ameona mambo mawili yamefungwa pamoja, moja la elektroni na moja la ioni za fedha zenyewe.

Aliyelitenga hilo la pili ni Carl Tubandt, wa chuo kikuu cha Halle, si mbali sana na Freiberg. Mwaka 1914 yeye na Lorenz walieleza tabia ya ajabu ya iodaidi ya fedha, AgI. Kwenye nyuzi 147 za Selsiasi, bila kuyeyuka, upitishaji wake wa umeme unaruka zaidi ya mara elfu. Ukiendelea kuipasha moto mpaka iyeyuke, upitishaji haupandi, unashuka kidogo! Hebu fikiria hapo. Kitu kigumu unachoweza kukishika kwa koleo kinapitisha ioni kuliko kiowevu chake. Tubandt aliweka vidonge vya chumvi hizo kimoja juu ya kingine, akapitisha umeme, kisha akapima kila kidonge kabla na baada. Mizani tena, unaona. Iodini haikuwa imesogea hata kidogo. Kilichosafiri kilikuwa fedha peke yake.

Kwa nini fedha? Ioni ya fedha haina upendeleo mkali wa kiti. Ioni nyingi zinang'ang'ania idadi maalumu ya majirani, na kuziondoa hapo kunagharimu nishati nyingi. Fedha inaweza kukaa na majirani wawili, watatu au wanne, na tofauti ya nishati kati ya hali hizo ni ndogo. Ikiwa imezungukwa na ioni kubwa na laini kama za iodini au salfa, inapenya kutoka upenyo mmoja hadi mwingine kama kondakta wa daladala anavyopenya katikati ya abiria waliosimama. Abiria hawahami. Kondakta anafika mlango wa nyuma.

Shida ya AgI ni zile nyuzi 147. Nani anataka betri ya kupikia? Hapa metali ya pili ikaja kuokoa. Mwaka 1966 na 1967 watafiti wa Uingereza na wa Marekani, kila kundi kivyake, waliongeza rubidiamu kwenye iodaidi ya fedha na kupata RbAg4I5. Rubidiamu haisafiri kwenda popote. Kazi yake ni kuilazimisha iodini ijipange kwa namna nyingine, yenye nafasi nyingi: kwenye kila kisanduku cha fuwele kuna nafasi 56 za kukaliwa na ioni 16 tu za fedha. Nafasi tele, hakuna foleni. Matokeo yake ni kitu kigumu ambacho, kwenye joto la kawaida la chumba chako, kinapitisha umeme zaidi ya mara nne ya maji ya bahari. Kabla yake hakuna kigumu kilichokuwa kimewahi kufanya hivyo kwa ioni.

Betri zake zilitengenezwa, nazo zilisifika kwa kukaa rafuni muda mrefu bila kuvuja, kwani hakuna kiowevu cha kuvuja. Hazikufika dukani kwako kwa sababu za wazi. Voti zake ni 0.66, wakati betri ya tochi ina 1.5. RbAg4I5 yenyewe huharibika, hasa penye unyevu. Halafu fedha ni ghali na ni nzito: atomu ya fedha yenye uzito wa 107.87 inatoa elektroni moja, na atomu ya lithiamu yenye uzito wa 6.94 inatoa elektroni moja vilevile. Gramu kwa gramu lithiamu inabeba chaji mara 15 na ushee. Kama unajenga simu au gari, hesabu imeisha hapo.

Tatizo ni kwamba lithiamu haina ulegevu wa fedha. Ioni yake ni ndogo, ngumu, inashika majirani kwa nguvu, na kwenye vitu vigumu vingi inakwenda kwa kusuasua. Basi swali likawa: je, kuna nyumba ambayo fedha ilijizoeza kutembea ndani yake, na ambayo tunaweza kumtoa fedha na kumwingiza lithiamu?

Umeshaikisia. Mwaka 1979 Kuhs, Nitsche na Scheunemann, wa chuo kikuu cha Freiburg (si Freiberg; hii Freiburg iko upande wa pili wa Ujerumani), walionyesha kwamba argirodaiti si jiwe moja bali ni ukoo mzima. Ndani yake germaniamu imefungwa na salfa 4 kama kijumba imara, salfa 2 zimebaki huru, na fedha 8 zinazunguka kwenye nafasi katikati yao. Ukiipasha moto argirodaiti ya asili kupita nyuzi 220 na kidogo, fedha hizo zinaacha kujali nani anakaa wapi, sawa na kwenye AgI.

Mwaka 2008 Hans-Jörg Deiseroth na wenzake wa Siegen wakatangaza argirodaiti za lithiamu. Fuata hesabu yao kwa kalamu ileile. Toa fedha, ingiza lithiamu. Toa germaniamu yenye chanya 4, ingiza fosforasi yenye chanya 5. Chanya imezidi moja, kwa hiyo lithiamu moja inatoka, zimebaki 7: Li7PS6. Toa salfa moja huru yenye hasi 2, ingiza klorini yenye hasi 1. Lithiamu nyingine inatoka, zimebaki 6: Li6PS5Cl. Hakuna atomu hata moja ya fedha wala ya germaniamu iliyobaki. Iliyobaki ni nyumba. Na lithiamu ndani ya nyumba hiyo inatembea vizuri, bado mara mia hivi nyuma ya fedha kwenye RbAg4I5, lakini inatosha kuendesha betri.

Leo ukisoma habari za betri ngumu za magari ya umeme, zile zisizo na kiowevu kinachoweza kuwaka moto, mara nyingi elektroliti inayotajwa ni ya ukoo huu. Haijakamilika, na matangazo ya kampuni yasikudanganye. Salfaidi hizi zikikutana na unyevu wa hewa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya yai bovu, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe kikavu kupindukia. Na lithiamu inapojipanga upya wakati wa kuchaji huwa inaota vimiiba ambavyo vinaweza kupenya elektroliti na kuiunguza betri kwa shoti.

Kwenye hilo la vimiiba, watafiti wa Samsung walichapisha jibu lao Machi 2020. Walitumia elektroliti ya argirodaiti, na upande ambao lithiamu inajipanga wakaweka utando wa mikromita chache wa kaboni iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kitu kinachoungana kirahisi na lithiamu, kikaisambaza sawasawa badala ya kuiacha iote miiba. Betri ilichajiwa na kutumika zaidi ya mara 1,000. Chembe hizo ni za fedha. Sasa kazi ya maabara kadhaa ni kutafuta kitu cha bei nafuu kitakachofanya hivyohivyo bila fedha, na mpaka sasa bado wanapima.